"Umeniandika Wapi Humo Ndani?": Mhadhiri Ajibu Barua Zenu

Mhariri aliponiomba nijibu barua za toleo hili alinitahadharisha kwamba wengi mngeuliza habari za mshahara. Amekosea. Aliyeuliza mshahara ni mmoja tu, na nitamjibu kwa mistari michache. Wengine mmeniuliza mambo ambayo hata kwenye vikao vya idara huwa tunayakwepa.

Kwa wasionijua: mimi ni mhadhiri mwandamizi wa taaluma za maendeleo, mzaliwa wa Muheza, na kwa zaidi ya miaka 30 utafiti wangu umekuwa wa mambo ya utamaduni. Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Uprofesa sikuupata, kwa hiyo nyie wawili mlioniita profesa, asanteni, lakini msinigombanishe na wenye nacho.

Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa tatu na GPA yangu ni 3.7. Natamani sana kuwa mhadhiri wa maendeleo, hasa upande wa utamaduni. Wenzangu wananicheka, wanasema gari limeshaniacha. Je, ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Gari halijakuacha, ila limewasha injini. Matangazo mengi ya vyuo vya umma yanataka 3.8 kwenye digrii ya kwanza kwa anayeanza kama TA (Tutorial Assistant, ngazi ya chini kabisa ya uhadhiri), na ukija na shahada ya uzamili wanataka 4.0 huko pia, bila kuisamehe ile 3.8 ya mwanzo. Wewe umepungukiwa na nukta moja na bado una mitihani mbele yako. Kaa usome. Kama kuna kozi uliyoishikia sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza, usipoteze usiku kuilaumu.

Enzi zetu mambo yalikuwa mepesi kwa namna moja na magumu kwa nyingine. Mwanafunzi akifanya vizuri, idara ilimwita, ikamwambia abaki. Mimi niliitwa hivyo, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kantini na sahani ya maharage mkononi. Leo nafasi inatangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, mnaomba mamia, mnafanya usaili wa kuandika, kisha wachache mnasimamishwa mbele ya jopo mfundishe. Ninaona utaratibu wa sasa una haki zaidi. Ubaya wake ni kwamba hauna namna ya kumtambua mtu anayejua kukaa na watu, na kazi yetu nusu yake ni hiyo.

Ngazi zenyewe ni hizi: TA, mhadhiri msaidizi ukishapata uzamili, mhadhiri ukishapata uzamivu, halafu mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili. Kuanzia kwa mhadhiri kwenda juu unapandishwa kwa machapisho. Unaweza kuwa mwalimu ambaye wanafunzi wanagombania viti dirishani, usipochapisha utabaki ulipo. Naongea kama mtu aliyebaki.

Nikupe zoezi moja. Likizo hii nenda kwenu, chagua kitu kimoja tu: mnada wa ng'ombe, kikoba cha mama yako, kilabu cha pombe, hata mgogoro wa kisima. Kikalie wiki tatu. Andika kurasa kumi bila kutia "kwa mujibu wa" hata mara moja. Ukishindwa kujaza hizo kurasa, basi unaupenda uhadhiri, utafiti huupendi, na ni vizuri ulijue mapema.

Mwalimu, kijana wangu amechaguliwa chuo kusoma digrii ya Taaluma za Maendeleo. Nimeuliza watu hapa mtaani, hakuna aliyeweza kuniambia hiyo ni kazi gani. Je, ni sawa na Maendeleo ya Jamii? Si angesoma uhasibu tu? (Mzazi, Singida)

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza hilohilo, na hakuridhika na jibu hadi anaingia kaburini.

Maendeleo ya Jamii ni fani ya kufanya kazi na watu. Wanaosomea chuo cha Tengeru, Arusha, na kwingineko wanatoka wakijua kuunda vikundi, kuandaa miradi, kusimamia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Taaluma za Maendeleo inauliza maswali ya nyuma yake: kwa nini mkopo uleule unainua kijiji kimoja na kuvunja ndoa katika kingine? Nani aliamua kwamba haya ndiyo maendeleo? Anayesoma hivi anaweza kuajiriwa halmashauri, kwenye mipango, kwenye mashirika, kwenye taasisi za utafiti. Sikufichi, ajira si za kumwaga. Lakini hata wahasibu ninaowafahamu wanaendesha bodaboda.

Asili ya somo hili hapa kwetu ni kisa kizuri, acha nikusimulie. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, wakati huo kikiwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, waliandamana wamevaa majoho kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Moja ya mabango lilisema enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu 400. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na watu wakaanza kujiuliza: hiki chuo kinatoa wasomi wa nani? Ndipo likaanzishwa somo la lazima kwa wote, awe daktari, mhandisi au mwanasheria, ili kila msomi ajue nchi aliyomo. Somo likabadilishwa jina na sura, na mwaka 1973 ikaanzishwa taasisi kamili ya kulifundisha. Mpaka leo mwanafunzi wa uhandisi pale Mlimani, kwenye chuo hichohicho, anakaa kwenye ukumbi wa DS (Development Studies, ndilo somo lenyewe), nusu amelala, anangojea nimtaje Rodney, mwanahistoria wa Guyana, ili ajue swali la mtihani limetoka.

Walter Rodney mwenyewe alifundisha pale mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwenye historia. Nimekutana na watu waliomsikia. Kila mmoja ananisimulia Rodney tofauti.

Mwache kijana asome. Ila mwambie ajifunze na takwimu. Wengi wetu tulizikimbia, na zikatusubiri mbele.

Mwalimu, mimi ni mkulima, Chalinze. Kila kiangazi watafiti wanatufuata. Wanauliza tunakula mara ngapi, choo kipo, mke wangu anaamua nini nyumbani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa wakija wanapona wao. Sijawahi kuona hata karatasi moja imerudi. Na wewe ni walewale? (Mkulima, Chalinze)

Ndugu yangu, nilikuwa walewale. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu imetoka upande uleule nilikojifunzia kazi, na sina ujasiri wa kuijibu kwa mkato.

Mwaka 1993 nilifika kijiji kimoja cha Bagamoyo magharibi, siku hizo Chalinze haijawa halmashauri. Nilikuwa na barua ya chuo kwenda mkoani, barua ya mkoa kwenda wilayani, ya wilaya kwenda kata, ya kata kwenda kijijini. Barua nne zinazosema nipewe ushirikiano, na hakuna hata moja inayosema mimi nitatoa nini. Mkononi nilikuwa na dodoso la kurasa 11. Nilikwenda kuwauliza wanawake wafinyanzi habari za kipato chao.

Nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akisifika kwa vyungu. Jina lake silitaji hapa, na mtaona kwa nini hilo linaniuma. Nilimkuta anafinyanga. Hakuwa na gurudumu. Chungu kilikaa palepale juu ya kigae, aliyezunguka ni yeye, ameinama, anarudi kinyumenyume, gunzi la hindi mkononi, anapandisha ukuta wa chungu kidole kwa kidole. Alizunguka mpaka mimi nikaona kizunguzungu. Nikasubiri akae, nikafungua dodoso. Swali la 14: wastani wa kipato kwa mwezi.

"Mwezi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia mwezi wowote, wa kawaida.

"Masika sichomi. Udongo haukauki, na kuni zimelowa. Kiangazi nachoma. Mwezi wa kawaida ndio upi?"

Nikaandika. Akataka kujua nimeandika nini. Nikamjibu, "Nimeandika hujui."

Akacheka, akapangusa mikono. "Mimi ndiye sijui, au karatasi yako ndiyo haijui?"

Nililifunga lile dodoso siku ya pili. Nikabaki miezi saba badala ya wiki sita, na posho ya utafiti iliniishia mwezi wa tatu. Nilichota maji, nilibeba udongo, nilifinyanga vyungu vilivyopasuka vyote kabla ya kufika motoni. Hapo ndipo nikaanza kuambiwa mambo.

Kwa mfano, nyuma ya ofisi ya kijiji palikuwa na tanuri zuri la matofali. Kuku walikuwa wanatagia humo. Mradi mmoja, sitautaja, ulikuwa umelijenga miaka michache kabla, ukawakusanya wafinyanzi kwenye kikundi, wafinyange pamoja, wachome pamoja, wauze pamoja. Kikundi kilidumu msimu mmoja. Ripoti ya mradi niliisoma mjini. Ilisema wanawake walikuwa na mwamko mdogo.

Wanawake wenyewe walinieleza hivi, mmoja mmoja, jikoni, tukimenya mihogo. Fedha ya chungu ni ya mwenye mikono. Unafinyanga nyumbani kwako, unachoma na mwanao, unauza gulioni, na mume anajua umeuza lakini hajui umeuza ngapi. Hapo ndipo sare ya mtoto inapotoka, na mchango wa msiba wa kwenu, na nauli ya kurudi kwa wazazi mambo yakiharibika. Kikundi kilipoanza, mauzo yaliandikwa kwenye daftari na kusomwa mkutanoni. Waume walikaa pale wakasikiliza. Jioni ileile wakaanza kuomba fedha ya tumbaku. Kwa msimu mmoja siri ya vizazi ikawa imefunuliwa kwa hesabu safi. Wanawake wakarudi majumbani kwao, kimya, hawakumgombeza mtu. Tanuri likabaki kwa kuku.

Huo ndio utafiti wa utamaduni ninaoufanya. Watu wakisikia "utamaduni" wanadhani nahesabu ngoma na kupima urefu wa vinyago. Nazipenda ngoma. Lakini utamaduni uliolivunja lile tanuri ulikuwa ndani ya pindo la kanga, pale fedha inapofungwa fundo.

Sasa nije kwenye deni. Nilimaliza tasnifu ya uzamivu, nikarudi kijijini mwaka 1998 nikiwa na nakala moja yenye jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu. Kurasa 286, za Kiingereza. Nikamkabidhi Bibi kwa mikono miwili. Aliipima uzito kama anayepima udongo, akaniuliza, "Umeniandika wapi humo ndani?"

Nikamfungulia. Maneno yake yale ya mwezi wa kawaida niliyanukuu yote. Chini yake palikuwa na alama: MF 07. Ndivyo tulivyofundishwa, kumficha anayehojiwa asije akadhurika. Nikamweleza.

Alikaa kimya kidogo. "Yaani miezi saba nimekupikia, halafu jina langu likawa namba saba?"

Kisha akaniomba nimsomee ukurasa wa shukrani. Walikuwapo wasimamizi wangu, mfadhili, wenzangu wa idara, mama yangu. Mwishoni: "wanakijiji wote." Akasema, "Hao nawajua," akaondoka kwenda kugeuza mihogo juani.

Hakuninunia. Aliniaga na kuku. Lakini tangu siku ile nimebadilisha mambo kadhaa, na kwa kuwa umeniuliza kama mimi ni walewale, nitakuambia ufanye hesabu mwenyewe. Kwanza, kila ninayemhoji namuuliza kama anataka jina lake liandikwe au lifichwe. Wanaotaka lifichwe wana sababu zao, hasa wanaosema habari za viongozi au ardhi. Wengi, zaidi wazee, wanataka liandikwe, tena kwa ukoo. Pili, kabla sijapeleka andiko langu kwa jarida lolote, naandika muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa 12 na kuusoma kwenye mkutano wa kijiji. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilikosolewa na mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Niliandika kwamba ufinyanzi unarithiwa kutoka kwa mama. Akasema, "Mbona mimi kanifundisha mama mkwe? Na huyu? Na yule pale?" Mikono mitano ikanyooka. Kosa lile lilikuwa limeshapita mbele ya wasahihishaji watatu wenye uzamivu. Tatu, nakala mbili zinabaki, moja ofisi ya kijiji, moja shuleni. Ya ofisini huwa inapotea. Ya shuleni huwa inakaa.

Mlizonazo nyinyi ni haki mbili ambazo hamzitumii. Mtafiti akifika, mwambieni mtendaji aandike kwenye daftari la wageni jina la chuo chake, simu ya msimamizi wake, na mwezi atakaorudi na majibu. Asipotaja mwezi, msimpe kiti. Ya pili, hakuna sheria inayokulazimisha kujibu dodoso la mtafiti wa chuo. Ukikataa, amekosa yeye, hujakosa wewe. Ukikubali, na swali likawa la kipuuzi, mwambie ni la kipuuzi. Atarudi chuoni na kitu cha maana kuliko vyote alivyojaza.

Mwalimu, nasoma hapa Helsinki. Maktabani nimeona jina la Kiswahili kwenye mgongo wa vitabu vya zamani: Jipemoyo. Wenzangu Wafini wameniuliza maana yake, nikaona aibu kuwa sijui. (Msomaji, Ufini)

Usione aibu, hata hapa nyumbani wanaolijua ni wachache. Maana ya jina ni kama unavyoliona, kujipa moyo, "moyo" ikiwa na mwangwi wa Bagamoyo. Ulikuwa utafiti wa maendeleo na utamaduni ulioanza 1975 katika Bagamoyo magharibi, kwa ushirikiano wa iliyokuwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na Akademia ya Ufini. Kumbuka wakati wenyewe: Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kwenye kijiji rasmi. Watu wanahamishwa, makazi ya zamani yanaachwa, na watafiti wanaingia katikati ya vumbi hilo kuuliza utamaduni wa watu utakuwa na nafasi gani.

Aliyekuwa mbele ya kazi hiyo ni Marja-Liisa Swantz. Alikuja Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufundisha wasichana Kilimanjaro, na katika miaka ya 1960 akaishi kwa Wazaramo wa Bunju, akijifunza mambo ya mwali, mti wa mkole na mizimu. Bunju ya leo ni foleni, maduka ya nondo na kuku wa kienyeji wa bei ya mbuzi, lakini wakati ule ilikuwa kijiji hasa. Kutokana na kuishi hivyo, yeye na wenzake wa Kitanzania na Kifini wakasukuma mbele namna ya utafiti ambayo sasa tunaiita utafiti shirikishi: mwanakijiji anakuwa mtafiti pamoja nawe, tatizo mnalitaja pamoja, majibu mnayajadili pamoja. Baadaye Swantz akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya taaluma za maendeleo hapohapo Helsinki, kwa hiyo ukipita kwenye korido zao, ujue baadhi ya mawazo yake yalipikwa kwa kuni za Bagamoyo. Mwenzake mwingine wa Jipemoyo, Arvi Hurskainen, aliyewachunguza wafugaji Waparakuyo, aligeukia lugha na akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuifundisha kompyuta Kiswahili. Hapo pana somo kwa wanafunzi wangu wanaodhani kwamba ukichagua kijiji umefunga milango.

Nilipofika kule 1993, mzee mmoja aliniuliza kama mimi ni wa Jipemoyo. Nikasema hapana. Akasema, "Basi wewe ni mgeni."

Mwalimu, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mtwara. Kila mwaka wasichana wangu wanapotea kwa sababu ya unyago. Nyinyi wasomi wa utamaduni mnatuambia tuheshimu mila. Je, tuheshimu hadi darasa liishe? (Mwalimu, Mtwara)

Pole na kazi, mwalimu mwenzangu. Sijakuambia uheshimu. Nimekuambia uchunguze kabla hujalaumu.

Anza na kalenda. Huko kwenu unyago mwingi sasa unafanywa wakati wa likizo za shule. Nani aliwaamuru? Wazazi na makungwi walikaa wakaisogeza wenyewe, maana walitaka vyote viwili. Mila inayosogea hivyo ina masikio. Sasa chukua daftari lako la mahudhurio, andika tarehe ambayo kila msichana alitoweka. Ukikuta wengi wametoweka mwezi wa pili au wa tatu, njaa ikiwa kali, au baada ya kupanga chumba mtaani kwa kukosa bweni, basi unyago unabebeshwa mzigo wa mwingine. Ukikuta wametoweka baada ya mafunzo yenyewe, unayo kesi, na wa kwanza wa kuongea naye ni kungwi, kabla ya afisa elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba. Hawakwenda na hotuba. Waliwaachia wanakijiji wachague tatizo lao, na vijana wakalitoa kwa ngoma na maigizo yao wenyewe: mabinti kupata mimba na kuacha shule. Baada ya onyesho watu walibishana. Nani anawapa mimba? Kwenye hotuba swali hilo linajibiwa kwa "vijana siku hizi". Kwenye uwanja wa ngoma, mbele ya watu wanaofahamiana, jibu hilo halipiti. Kutokana na mbegu za namna hiyo, mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakiigiza yanayowazuia kusoma, na yaliyojitokeza yaliwagusa hata walimu waliokaa viti vya mbele.

Jaribu. Ila ukijaribu, jiandae na wewe kuigizwa.

Mshahara wa mhadhiri unatosha? (Aliyejificha jina, Ubungo)

Unatosha kuitwa tajiri na ndugu zako wote.

Mwalimu, mmeishi kwa kodi zetu, halafu mnaandika Kiingereza. Kwa nini? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu majarida yanayotupandisha vyeo mengi ni ya Kiingereza, na kwa sababu ya woga. Kwenye Kiswahili chenyewe pale Mlimani watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili bila shida, kwa hiyo lugha haijashindwa. Wizara ya utamaduni yenyewe imehamishwahamishwa kama mtoto wa kufikia, mara iwe na vijana, mara na habari, mara na michezo, na somo letu nalo liko hivyohivyo: linafundisha habari za mwananchi kwa lugha ambayo mwananchi hawezi kulikosoa. Yule mama aliyekuwa ananyonyesha alinisahihisha kwa sababu nilisoma kwa Kiswahili. Kama ningesoma zile kurasa 286, angeendelea kumtuliza mtoto, nami ningeendelea kukosea. Wewe ni mtu wa Tanga, mimi ni wa Muheza, tunaelewana.

Shikamoo mama. Ukistaafu utafanya nini? Utarudi Muheza kulima machungwa? (Mwanafunzi wako wa zamani)

Marahaba. Machungwa yana wenyewe, na mgongo wangu si wa jembe tena. Chini ya kitanda nina katoni yenye kaseti 31 za mwaka 1993. Kila mazungumzo yalianza kwa mtu kujitaja jina lake, la baba yake na la kijiji alikozaliwa, maana wakati huo nilikuwa sijui kwamba baadaye nitayafuta. Vyungu vinasikika vikigongwa kupima kama vimeiva. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta, nizipeleke kule kwa wajukuu, kwenye simu zao, kabla mkanda haujaoza.

Shida ni chombo. Redio yangu imetafuna kaseti mbili, fundi wa Kariakoo ameitazama akanicheka. Mwenye redio kaseti nzima, isiyotafuna mkanda, amwandikie mhariri. Nitalipa, na nauli ya kuifuata ni juu yangu.